Siku ya Kumhamisha Shangazi

Gachau anauza dawa za mifugo pale Witeithie, na kwa sababu hiyo anaamini anajua kila kitu chenye pumzi. Ng'ombe akikohoa, Gachau anajua. Kuku akilala chali, Gachau anajua. Sebuleni kwake Mugutha ana tenki la samaki wa bahari, na huko nako eti anajua. Mimi, Mwanamisi, niliyefuga samaki wa maji ya chumvi tangu nikiwa shule, mimi ninayetoka Thika mara mbili kwa wiki kuja kulisafisha tenki hilo, ndimi niliyekuwa nikipewa mawaidha. Siku moja nilimkuta akiwatupia chapati.

"Wamechoka na hiyo chakula yako ya pakiti," akaniambia.

Chapati! Nilivitoa vipande vyote kwa wavu, kimoja kimoja, huku nikimkazia macho. Nilidhani ataona haya. Mtu kama huyo haya anazitoa wapi?

Mwezi wa saba akanipigia simu. Amenunua tenki jipya, lita mia sita, mara tatu ya lile la zamani. Sababu? Jirani yake ameweka televisheni inayofunika ukuta mzima. Basi, hakuna sababu nyingine. Na lazima kila kitu kiwe tayari Jumamosi, maana Jumapili watu wa kanisa wanakuja kuombea nyumba, na Gachau alitaka wakifumbua macho waone bahari.

Ningemkatalia kama si Shangazi. Shangazi ni anemoni, mnyama wa bahari anayefanana na ua, mwenye vidole vingi laini vinavyocheza majini. Nilimpa jina hilo kwa sababu ukimgusa vibaya ananuna siku tatu. Nilimlea miaka tisa, tangu akiwa na upana wa kifuniko cha soda mpaka akawa kama sahani ya pilau. Nilipohamia chumba kimoja Majengo, huko Thika, na stima ya kule inayopotea kila jioni, nilijua hatamaliza mwezi. Nikampeleka kwa Gachau pamoja na samaki wake wawili wa rangi ya chungwa, wale wanaolala katikati ya vidole vyake. Watu hunicheka nikisema nililia siku hiyo. Wacheke tu. Mugutha sikuwa naenda kumwona Gachau.

Sasa, kumhamisha mnyama kama huyo si kuhamisha kabati. Maji mapya yanatayarishwa siku moja kabla: yanachujwa mpaka hayana kitu, yanatiwa chumvi maalumu ya bahari, yanazungushwa kwa pampu na kupashwa joto. Ijumaa nilichanganya madrumu matatu ya lita mia mia. La nne lilikuwa bado linajaa nilipolazimika kuondoka. Nikamwachia Gachau mfuko wa chumvi uliobaki na kipimo chake.

"Tia polepole mpaka mstari ufike thelathini na tano," nikamwambia. "Usifanye kitu kingine. Hata usifikirie."

"Mwanamisi, mimi ni mtu wa kemikali," akajibu.

Mtu wa kemikali! Dawa ya kupe hiyo.

Jumamosi asubuhi nikafika, nikapima drumu la nne. Thelathini na tano kamili. Nilishangaa, wallahi, nikasema kumbe hata Gachau anaweza kufuata maagizo. Mwenyewe alikuwa nje, akiwapigia kelele watu waliokuja kusimamisha hema la wageni. Sebuleni nilikuwa mimi na mamake, Cucu Ngendo, bibi kizee aliyeletwa kutoka Gatuanyaga kwa ajili ya maombi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akaacha makochi yote yale matupu, na tangu niingie alikuwa ameshaniuliza mara mbili ni samaki yupi anaiva haraka. Nilimjibu kwa mguno.

Nilianza kuvuta maji ya drumu la kwanza kwa mpira, nikayapeleka tenki jipya. Cucu akainuka, akajikokota mpaka kwenye madrumu. Akachovya kidole katika la kwanza, akalamba. Akachovya katika la nne, akalamba, akatema kwenye leso.

"Kairitu," akaniita, yaani msichana. "Hii maji si kama ile ingine. Hii ni chumvi ya ng'ombe."

Nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka kwa sauti, nikiwa nimeshika kiuno. Nikainua kipimo nikamwekea mbele ya uso. "Cucu, hii inasema thelathini na tano. Ulimi wako unasema ngapi?"

"Haiya. Mimi nimeonjea ng'ombe chumvi miaka arobaini," akasema.

"Basi ng'ombe wakija tutakuita."

Akapangusa kidole kwenye kitenge, akarudi kwenye kigoda chake. Moyoni nikasema, hebu tazama huyu wa vumbi la Gatuanyaga, anataka kunifundisha mimi bahari. Na kazi ikaendelea.

Nilihamisha mawe, nikahamisha samaki, konokono na kamba. Shangazi nikamwacha wa mwisho. Nilimzoesha maji mapya kikombe kwa kikombe, nusu saa nzima, kisha nikamshusha kwa mikono yangu mpaka kwenye jiwe lake. Akafungua vidole. Alikuwa na nafasi kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo maishani, na nilifurahi kama mama anayempeleka binti bweni.

Haikupita saa moja, konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo. Kamba akaruka, akajipinda, akatulia. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amejikunja kama ngumi, mdomo wazi.

Nikatoka nje mbio. "Gachau! Drumu la nne ulitia nini?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ile mfuko yako haikutosha, ilifika thelathini tu. Nikamalizia na ya duka." Akaenda kwenye gari akaniletea mfuko wenyewe, anatabasamu, chumvi nyeupe safi, na picha ya ng'ombe mnene mbele. "Hii ni bora, iko na madini yote!"

Madini yote, na shaba ikiwemo; kipimo husoma wingi wa chumvi tu, si aina yake. Ng'ombe anaihitaji shaba. Anemoni, konokono na kamba wa bahari inawaua, hata ikiwa chembe. Nilimtukana Gachau mbele ya watu wa hema, nikamwita majina ambayo sikujua ninayo. Alisimama tu na mfuko wake.

Maji safi ya zamani yalikuwa yamebaki ndoo mbili. Nilimtia Shangazi katika moja, nikambadilishia na nyingine, nikakaa naye sakafuni mpaka asubuhi. Kulipokucha alikuwa uteute wa kahawia unaonuka. Wale samaki wawili walipona. Walikuwa pembeni mwa tenki jipya, wakijisugua kwenye mpira wa pampu.

Wageni walikuwa bado hawajafika Gachau aliponijia, amevaa suti, macho mekundu. Cucu Ngendo alikuwa pale pale kwenye kigoda, akimenya minji, zile njegere za mchuzi wa wageni.

"Mwanamisi, ni mimi nimemuua," Gachau akasema. Sikujua kama naye alikuwa akimpenda. "Ni ujinga wangu. Unisamehe."

Nilijua mara moja kwamba mamake hakumwambia kitu. Ilikuwa zamu yangu kusema. Gachau alikosea, lakini alikuwa hajui. Mimi niliambiwa, drumu likiwa bado limejaa na Shangazi akiwa bado kwenye tenki lake la zamani, mzima, anacheza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni wewe."

Akainamisha kichwa. Cucu akaacha minji, akaniangalia. Nilingoja aseme. Nilitamani hata anicheke nilivyomcheka, aniulize kipimo kimesema ngapi, anitukane kwa Kikuyu na Kiswahili. Aibu ilinichoma mpaka masikio.

"Gachau," akasema kwa upole, "patia huyu mtoto chai. Hajalala."

Akaniletea mwenyewe, kwa mikono miwili. Nilikishika kile kikombe mpaka kikapoa, nikakiweka sakafuni kikiwa kimejaa.