Magadi Kwenye Sufuria la Shangazi

Kila asubuhi, mumewe Halidi akishatoka kwenda kazini, Raudha huijaza upya chupa yake ya kupulizia. Siki nusu, maji nusu, maganda ya ndimu zilizokamuliwa jana, na punje chache za karafuu ili harufu ya siki isitawale jiko. Jumamosi ile alikuwa anaitikisa chupa, kitambaa kikiwa begani, yuko tayari kuanza na meza, simu ilipolia kwa kifupi pale dirishani.

Angeiacha. Lakini jina lililotokea lilikuwa la Adventina, na Raudha alikuwa na tabia asiyoipenda ya kufungua kila kitu alichoweka Adventina mtandaoni.

Ilikuwa picha. Shangazi Mwanamkuu amekaa kwenye kibao uani kwake Kisarawe, mikono imejaa majivu hadi viwikoni, anacheka mpaka pengo lake linaonekana. Shangazi ambaye akiona simu imeinuliwa hujifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nyuma yake vyombo vyote vya nyumba vimetolewa nje na kupangwa juu ya mkeka wa zamani. Chini ya picha Adventina ameandika: "Mimi na mama tunaukaribisha mwezi."

Raudha aliisoma tena. Kisha akaweka chupa chini, akaketi.

Adventina alikuwa mtu wa Bukoba, mtumishi wa halmashauri, aliyehamishiwa Kisarawe na kupanga chumba cha uani kwa shangazi. Hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomchosha Raudha. Angekuwa mchafu, au mwenye kelele, au angechelewesha kodi, kungekuwa na pa kushika. Lakini shangazi kila akipiga simu ni Adventina kaleta samaki, Adventina kanipima presha, Adventina kanishonea pazia. Raudha hujibu, "Mungu ambariki," na kweli huwa anamwombea, ila dua yenyewe hutoka imekaza meno.

Siku ya vyombo, hata hivyo, ilikuwa ni yao wawili. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, walitoa vyombo vyote nje na kuvisugua. Shangazi masufuria, kwa majivu na kumbi la nazi. Raudha sinia la shaba, kwa ukwaju na chumvi. Hata alipoolewa akahamia Tangini, Kibaha, na kuanza kufundisha darasa la awali, shangazi alikuwa akipiga simu katikati ya wiki na kusema maneno mawili tu: "Jumamosi vyombo." Raudha anafunga kimfuko chake cha ukwaju, anaenda.

Mwaka huu simu haikulia. Jumatano alikwenda na simu mpaka bafuni. Alhamisi alijiambia shangazi amesahau siku. Ijumaa angeweza kupiga mwenyewe, lakini aliona haya. Mtu unapigaje simu kuomba kualikwa kwenu?

Ukwaju ulikuwa kabatini tangu Jumatatu. Aliuchukua, akafunga mtandio, akaondoka na vyombo vya chai vikiwa bado mezani.

Alipofika Kisarawe jua lilikuwa limeshapanda. Kabla hajafika mlangoni alisikia kicheko cha shangazi kutoka uani.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, dada Raudha, karibu sana," Adventina alimwahi shangazi kuitika. Alikuwa amekaa kwenye kibao. Kibao chenyewe, kile cha pembeni ya ndoo, ambacho Raudha alikikalia tangu miguu yake haijagusa chini. "Ngoja nikupishe."

"Kaa tu," Raudha alisema. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. We, umetokea wapi asubuhi hii? Mumeo kakufukuza?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Salamu ya mfuko mkononi? Umeleta nini?"

"Ukwaju. Wa sinia."

Shangazi akapiga paja kwa furaha. "Basi umechelewa, bibi. Sinia limeshamalizwa. Adventina, mwoneshe mwenzio."

Adventina alisita kidogo, akaenda kulileta. Lilikuwa sinia la mama yake shangazi, linalobebewa futari kwenda kwa jirani. Raudha alilijua kila kovu. Alijua kuna doa jeusi karibu na ukingo ambalo ukwaju haukuwahi kuling'oa. Doa halikuwepo. Sinia liling'aa hadi paa la bati lilionekana ndani yake.

"Wenzetu wa Bukoba wana yao," shangazi alisema. "Siki, chumvi na unga wa ngano. Anakoroga kama uji mzito, anapaka, anaacha likauke, kisha anasugua. Mimi namwambia unga huu wa chapati unaupaka sinia, una akili wewe? Kumbe tazama. Najiona mpaka pengo."

"Nilijifunza hosteli tu, mama," Adventina alisema. "Si kitu."

"Limependeza," Raudha alisema. Alitaka liwe neno zuri. Lilitoka dogo kama la mtu aliyemeza punje ya mchele vibaya.

Aliuweka ukwaju kwenye kizingiti cha jiko, akasimama bila kazi kwenye uwanja ambao hakuwahi kusimama bila kazi. Majivu yalikuwa na mikono ya shangazi. Sinia lilikuwa limeshapata mwenyewe. Ndipo alipoliona sufuria kubwa limeegemezwa ukutani, lile la pilau, lenye ukoko ulioungua chini tangu shughuli ya mwisho.

"Na hilo?"

"Hilo limenishinda," shangazi alisema. "Kesho tunavunja jungu kabla ya mfungo, majirani wote wako hapa, na sijui nitapikia nini. Nimesugua hadi bega limelia. Liache, nitaazima."

"Huazimi. Nitalitoa mimi."

"Raudha, umetoka safari."

"Nitalitoa, shangazi."

Aliingia jikoni. Alijua magadi yanapokaa, kwenye kopo la majani ya chai juu ya rafu, kwa ajili ya kulainishia kunde. Kwake Kibaha magadi yalikuwa ndiyo dawa yake ya ukoko: anachemsha kwenye sufuria lake la stenlesi, anaacha, ukoko unajibandua kama ngozi ya maziwa. Alilijaza sufuria maji, akaliweka mafigani, akatia konzi ya magadi. Akatazama nje. Adventina alikuwa anamfuta shangazi jivu kwenye shavu kwa upande wa kiganja. Raudha akatia konzi nyingine. Akakung'uta kopo lote.

Shangazi alipoingia ndani kusali adhuhuri, Adventina alikuja kusimama mlangoni mwa jiko.

"Dada, hayo ni magadi?"

"Ndiyo."

"Hilo sufuria nadhani ni la alumini. Magadi huwa yana…"

"Nimelisugua sufuria hili kabla wewe hujajua njia ya Kisarawe."

Hakupandisha sauti. Raudha hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Lakini Adventina alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji, akasema, "Sawa, dada," akaenda kuvigeuza vikombe ambavyo vilikuwa vimeshakauka.

Maji yalichemka kwa fujo, mapovu ya kijivu yakapanda hadi ukingoni. Ukoko kweli uliachia. Raudha aliuona ukielea, moyo ukamruka kwa furaha, akaliepua na kumwaga maji.

Ndani sufuria lilikuwa jeusi. Si weusi wa moshi, unaotoka kwa majivu. Weusi ulikuwa umeingia kwenye chuma chenyewe, kuanzia chini hadi pale maji yalipoishia, na mstari umejichora pande zote. Alisugua kwa kumbi. Alisugua kwa kucha. Hapo ndipo akili ilipomrudia, akakumbuka kitu alichokijua siku zote, kwamba alumini na magadi havikai nyumba moja. Angetulia hata kidogo angekumbuka.

Shangazi alitoka akikunja kanga ya kusalia. Akainama juu ya sufuria.

"Nani kalipaka sufuria langu lami?"

Raudha aliliweka kumbi chini.

"Ni mimi, mama," Adventina alisema kutoka kwenye vikombe. "Mimi nilimwambia atie magadi. Sikujua."

Raudha alimtazama. Adventina hakumtazama. Alikuwa ameinamisha uso, anasubiri kugombezwa.

Na shangazi akacheka. Alimwendea Adventina, akamshika sikio kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayechuma bamia. "Weye mtoto weye," alisema. "Umeniharibia jungu, majirani watakula mikononi kesho? Basi, basi, usinune. Tutachemsha malimao, litarudi. Mgeni hakosei, anajifunza."

Weye mtoto weye. Raudha aliyajua maneno hayo na vile vidole. Alishikwa sikio hivyo siku aliyovunja kikombe cha mgeni, siku aliyounguza maandazi, siku aliyokuja na barua ya chuo na kulia kwa sababu hataki kuondoka. Akili yake ilimwambia shukuru, umesitiriwa, nyamaza. Lakini hata kosa lake, alilolifanya kwa mikono yake, lilikuwa limechukuliwa, na gombezo lake pia, na sikio.

"Si yeye," alisema.

"Nini?"

"Si yeye, shangazi. Magadi nimetia mimi. Alinikataza, nikamjibu vibaya."

Kuku alidonoa kitu kwenye mkeka katikati ya sahani na hakuna aliyemfukuza.

"Haya," shangazi alisema polepole. "Sufuria ni sufuria. Lakini wewe si mtu wa kujibu watu vibaya. Nimekulea mimi. Una nini?"

"Sina kitu."

"Raudha."

"Nilitaka kukusaidia tu."

"Kopo zima la magadi?" Shangazi aliketi kwenye kibao, akaiweka kanga mapajani. "Sikukuita mwaka huu kwa sababu mara ya mwisho ulikuja macho mekundu, umesahihisha madaftari usiku kucha, na mumeo kakaa peke yake. Nikasema nimpumzishe mtoto wa watu. Sasa umekuja mwenyewe, umekaa kama uliyefiwa, umenipikia magadi. Ulikuwa unataka nini hasa? Niambie, maana mimi si mganga."

Adventina aliokota ndoo tupu ili aondoke.

"Usiende, dada," Raudha alimwambia. "Na wewe usikie."

Alikausha mikono yake kwenye gauni, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Nilitaka uache kulitazama lile sinia, unitazame mimi. Sitaki kupumzishwa, shangazi. Wiki nzima nimetembea na simu nikisubiri uniambie Jumamosi vyombo. Nimeona wivu. Namwonea wivu Adventina, anavyokufuta majivu na unavyomcheka, naona kama nafasi yangu imekaliwa na mimi nimesimama nje nasema hodi. Nataka uniite. Hata nikiwa nimechoka, niite."