Baron Aliyeandika "Niko"

Ijulikane kwa watu wote kwamba Mheshimiwa Baron wa Simi-Simi ameingia mnadani kwa mara ya kwanza. Hilo lilikuwa jina lake la mtandaoni; kwa kweli aliitwa Exaucé, alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amelala chali katika bweni lenye vitanda arobaini, vyote vitupu isipokuwa chake. Wenzake walikuwa wamekwenda likizo. Baba yake alisema angekuja na mashua kutoka Isangi Jumatatu, na leo ilikuwa tayari Alhamisi.

Kwenye simu, Maman Clémence alikuwa akinadi gauni la harusi moja kwa moja mtandaoni. "Nani iko?" aliuliza.

Exaucé akaandika, "Niko."

"Baron ameongeza! Merci, papa!"

Kumbe katika mnada ule, kuandika "niko" kulikuwa kupandisha bei. Lakini tangu Jumatatu hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina lolote. Mteja mmoja, Nasra, akaongeza.

"Baron, uko?"

Akaandika tena. Kila alipoulizwa, akajibu, mpaka Nasra akaandika kwamba basi, yeye ataolewa amevaa kitenge.

"Gauni iko ya Baron!"

Mara Maman Clémence akampigia kwa video. Exaucé akapokea kabla mlio haujaisha. Maman Clémence akatazama shati la shule, kisha vile vitanda.

"Bon. Bibi harusi iko wapi, Baron?"

"Hakuna, maman. Ya kwanza nilikosea, zingine nilifanya makusudi. Umupatie Nasra gauni yake. Nilipenda tu vile ulikuwa unaniita."