Mstari wa Mkono wa Kushoto

Watu wa mji wa Hobart husoma kadi ya mwaliko kuanzia chini, pale palipoandikwa kwamba kutakuwa na mvinyo, ndiyo maana hata jua halijazama ukumbi wa maonyesho ulikuwa umeshona. Wengine hawakuwa wamezitupia picha hata jicho. Walikuwa wameizingira meza ya jibini kana kwamba jibini ndiyo inayouzwa.

Briar Hannaford alisimama karibu na mlango, ameshika glasi ambayo hakuinywa. Ukutani zilitundikwa picha za baba yake, Desmond: michirizi mipana myeusi na ya rangi ya kutu, matone, mistari iliyorushwa kwa nguvu za mwili mzima. Humo hamna nyumba, hamna ng'ombe, hamna mtu. Wasiozipenda husema hata mtoto wao wa chekechea angeweza, na Desmond alikuwa na jibu lake la miaka yote: mleteni huyo mtoto nimwajiri.

Shida ni kwamba safari hii alikuwa amemwajiri mtoto kweli, tena wake wa kumzaa.

Miaka miwili nyuma Desmond alidondoka kutoka kwenye ngazi, bega la kulia likaharibika, na tangu hapo mkono ukawa unakomea kifuani. Mwanzoni Briar alimsaidia kushika brashi tu. Baadaye akawa anapaka yeye, baba ameketi kitini, anachanganya rangi na kufoka: mstari huu umekufa, ule unaogopa, futa. Kazi ikiisha Desmond anatia saini pale chini, maana chini mkono ulifika. Hawakuwahi kulizungumzia. Lilikuwa kama kukoroma kwa mtu: nyumba nzima mnasikia, asubuhi hakuna anayetaja.

Sasa Bi Philippa Oakes, anayelinunulia picha jumba kubwa la sanaa, alikuwa mbele ya picha kubwa kuliko zote, anasema anaitaka. Ikinunuliwa, itakaa ukutani kwa jina la Desmond Hannaford hata baada ya baba na binti kufukiwa. Briar alidhani hatajali. Kumbe anajali.

Ndipo akaingia Lorna Pybus, rafiki wa Desmond na mpinzani wake tangu wakiwa wanafunzi. Wachoraji wa aina hii wana desturi inayowafanya waonekane wamerukwa na akili: picha hawaitazami tu, huirudia hewani kwa mkono, wajue mwenzao alisimama wapi, alianzia wapi, pumzi ilimwishia wapi. Lorna akanyanyua mkono wa kulia, akaufuata mstari mkubwa uliotoka chini na kujikunja juu. Mkono ukakwama njiani. Akarudia, ukakwama palepale. Akahamisha glasi, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mstari ukatiririka kama maji, mpaka mwisho.

"Des," akaita, "umekuwa mashoto tangu lini?"

Alikuwa anamtania tu kama kawaida yao. Lakini Bi Philippa aligeuka, na waliokuwa naye wakageuka, na Briar akaona shingo ya baba yake inaiva.

"Tangu nilipodondoka," Desmond akasema. "Bega limekufa, nifanyeje? Nimejifunza upya kama mtoto mdogo."

Watu wakapiga makofi. Bi Philippa machozi yalimlenga. Akasema jambo kama hilo lazima watu walione, akamwomba aje kwenye jumba lao apake mbele ya wanafunzi, wampige filamu. Desmond, ambaye hajakataa sifa tangu azaliwe, akakubali.

Lorna hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama glasi ya Briar, na mkono wa kushoto ulioishika.

Briar alimvuta baba yake hadi kwenye kona ya makoti, akamuuliza siku hiyo atapaka nini.

"Utanifundisha."

"Baba, mkono wako wa kushoto hauwezi hata kupaka siagi kwenye mkate."

"Basi nenda kaseme." Sauti yake ilishuka. "Ukimaliza uje uniambie mimi nabaki na nini."

 Briar alikuwa karibu kabisa kunyamaza, anyamaze moja kwa moja. Kisha akamwona Bi Philippa anapewa kile kibandiko chekundu kinachowekwa kando ya picha iliyouzwa, na miguu ikaondoka bila kumwomba ruhusa.

"Usibandike," akasema. "Hiyo nimepaka mimi. Zote nimepaka mimi."

Bi Philippa akatabasamu kwa adabu, kama anayesubiri mtu wa kuja kumwondoa huyu binti. Briar akampa glasi amshikie. Akachuchumaa pale mstari ulipoanzia, akaupandisha kwa mkono wa kushoto, bega na kiuno vikafuata, akaruka kidogo pale juu rangi ilipochanika, akatua. Hakupotea njia popote. Hata wale wa kwenye jibini waligeuka kumtazama.

Kibandiko kikabaki kimeganda kwenye kidole cha Bi Philippa. Akasema itabidi kwanza aongee na wenzake. Hakusema hapana, ndiyo nayo hakuisema.

Briar alipogeuka, baba yake hayupo. Alimkuta nje kwenye upepo unaoshuka kutoka mlimani, koti linaning'inia bega moja, Lorna anatafuta funguo za gari.

"Ule mstari," Desmond akasema bila kumtazama. "Nilikwambia uufute."

"Uliniambia."

"Nilikosea."

Briar akanyoosha mkono amvalishe koti vizuri. Baba yake akajisogeza pembeni.

"Naondoka na Lorna. Wewe rudi ndani, watakuwa na maswali. Safari hii sipo wa kukujibia."

Briar alisimama mpaka gari likakata kona. Nyuma yake mtu alifungua mlango, akamwita arudi upesi, anatafutwa. Jina la Briar hakulijua. Aliita tu, "Wewe, binti wa Hannaford."