Majina Aliyoyataja Njagi

Nianze na samaki, kwa sababu watu wetu hawapendi kuanza naye. Sisi Waembu tulilelewa tukiambiwa samaki ni ndugu wa nyoka. Hana miguu, anateleza mkononi, na hata akifa hafumbi macho. Mtu aliyemla alichekwa mpaka wajukuu zake wakachekwa. Mtoni kwetu, chini ya Kianjokoma, walijaa samaki wenye madoa ambao wazungu waliwaleta kwa mchezo wao wa Jumapili, na mtu mweusi alikatazwa kuwagusa. Katazo hilo halikumuuma mtu. Ni kama unikataze nisile konokono.

Basi ndivyo tulivyokaa na njaa kando ya mto uliojaa chakula, siku zile za Emajensi, serikali ya wazungu ilipotangaza hali ya hatari.

Mimi ni Wanjira, mke wa Njagi. Askari wa serikali walichoma nyumba zetu, wakatusonga sote kijiji kimoja ndani ya handaki lenye vigingi vya mianzi, tena handaki lenyewe tulichimba sisi wanawake. Shambani tuliruhusiwa kwenda kwa muda mfupi tu, homgadi, vijana wetu waliopewa silaha na serikali, wakitusimamia na bunduki. Viazi vilioza ardhini tukiviona. Mwanangu Kawira alivimba miguu, nywele zikageuka rangi ya kutu, akaacha kulia. Mtoto akiacha kulia kwa njaa, mama hana tena la kujidanganya.

Njagi wakati huo alikuwa kizuizini, kwa kosa langu. Sioni aibu kusema hivyo, maana kosa lenyewe nilikuwa tayari kulirudia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea chakula vijana wa msituni waliopigana na wazungu. Siku moja homgadi waliokota kiondo njiani, kimejaa viazi vya kuchemsha. Njagi alikuwa karibu, akasema haraka, "Hicho ni changu." Wakamfunga pingu.

Lakini Hezekiah, hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa na kila ubaya isipokuwa ujinga. Alijua kwamba mwanamume wa Embu habebi kiondo mgongoni. Kiondo ni cha mwanamke. Kwa hiyo alikuwa na mwanamume gerezani na bado alimtafuta mwanamke, na mwanamke huyo akipatikana angepelekwa kambi ya wanawake, mtoto wake abaki kwa yeyote atakayemwonea huruma. Kijijini mle huruma ilikuwa adimu kama nyama.

Njagi walimzungusha kambi nyingi, mwisho wakamvusha bahari mpaka kisiwa kimoja huko Lamu. Kisha siku moja tukaitwa barazani, tukamkuta amesimama katikati ya uwanja. Amekonda, amekuwa mweusi tii kwa jua, nyayo zimepasuka kwa chumvi. Masharti yalikuwa wazi na kila mtu aliyajua. Akitubu mbele ya watu na kumtaja mwenye kiondo, angelala nyumbani kwake siku hiyohiyo. Akikataa, angerudishwa kisiwani.

Nilimpakata Kawira. Njagi alimtazama mara moja, kisha akayaondoa macho. Mtoto hakumjua.

Kwenye kiti cha kukunja alikaa bwana shauri, mzungu kijana mwenye pua iliyoungua na jua. Kwa ajili yake Hezekiah aliamuru mambo yote yasemwe kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili cha Hezekiah mwenyewe kilikuwa kinachechemea.

"Wewe Njagi," akasema, "leo tubu mbele ya watu yote. Huko kisiwani ulifanya nini? Na ile kiondo iko ya nani?"

"Nitatubu, Bwana Hedimani," Njagi akajibu. "Nianze na ya kisiwani. Nilikula samaki."

Uwanja mzima uliguna. Mzee mmoja alitema mate. Hezekiah akatabasamu taratibu. Nilimwona akifikiri, na nilijua anafikiri nini: mwanamume anayekiri kula samaki mbele ya rika lake amekwisha, amevunjika, hana tena la kuficha. Huyo ndiye Hezekiah. Alisoma misheni, alivaa viatu na soksi, lakini tumbo lake lilikuwa tumbo la Embu kama letu.

"Mnasikia?" akapaza sauti. "Watu yenu ya msitu inakula nyoka ya maji! Endelea, Njagi. Sema yote. Ulikula namna gani?"

Akaendelea. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia.

"Kule kuna ghuba. Bahari imeingia ndani ya nchi kavu, na mikoko imesimama pande zote. Maji yake yanajaa na kupwa, asubuhi na jioni. Yakipwa kabisa, usijisumbue, utarudi na tope. Yakianza kujaa tu, ndipo samaki wanasogea pembeni kutafuta chakula, na hapo ndipo unatupa mshipi. Mwezi ukiwa mzima mkondo ni mkali, unahitaji jiwe zito la kuzamisha. Mwezi ukiwa nusu maji yanalegea, unavua karibu na miamba. Siku hizi upepo wa kusi umechafua maji huko nje, lakini ndani, nyuma ya mikoko, ni shwari."

Watu walicheka. Wengine walijifanya kutapika. Mzungu peke yake alikuwa ameacha kupiga miayo. Alivuta kiti mbele.

"Chambo gani?" akauliza.

Hezekiah akageuka. "Bwana, huyu anapoteza—"

"Ngoja, Hedimani. Acha yeye sema. Chambo gani?"

"Kamba wabichi, Bwana," Njagi akasema. "Ukiwakosa, nyungunyungu."

"Nyungunyungu!" Mzungu alipiga paja. "Kweli! Hata hapa mtoni. Mimi natumia manyoya ya kuku, lakini nyungunyungu iko nzuri zaidi, zaidi. Hasa mvua ikishanyesha mlimani."

Njagi aliinamisha kichwa kumshukuru. Na hapo ndipo aliponitazama, moja kwa moja, macho makavu. Nikaacha kucheka na wenzangu. Mume wangu hakuwa akitubu, na wala hakuwa akimchezea Hezekiah tu. Alikuwa ameona miguu ya mwanawe, na sasa ananiambia chakula kiko wapi.

"Uzi uwe mwembamba," akasema, "samaki ana macho makali kuliko askari. Ndoana hata ya sindano inatosha, ukiikunja ikiwa imepata moto. Akivuta mara ya kwanza, mwache. Mara ya pili, kaza. Akiwa ni tewa anakimbilia shimoni, kwa hiyo usimpe nafasi. Ukimtoa, mpasue tumbo palepale, mwoshe, mkaange kwa mafuta kidogo mpaka ngozi ianze kulia. Nyama yake ni nyeupe. Hata mtoto mgonjwa anaimeza."

Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Mbele yangu jirani yangu Cicily, aliyekuwa ametema mate kuliko wote, nilimwona akimeza. Njaa haina adabu.

Hezekiah akahisi uwanja unamponyoka. "Basi!" akafoka. "Umekula nyoka, tumesikia. Sasa kiondo. Mtoto yako ni ile pale, Njagi. Angalia yeye. Taja mwanamke mmoja tu, leo ulale na mtoto yako."

Nilimtazama Kawira, nikamtazama yule mtu mwembamba aliyepasuka nyayo kwa ajili yangu, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakavuma. Inatosha, nikajiambia. Nitasimama, niseme kiondo ni changu, nimekisuka kwa mikono yangu, na kama ni kunifunga wanifunge. Nikamweka mtoto chini. Goti moja lilikuwa limeshainuka.

"Anayevua asisimame ghafla!" Njagi akasema kwa sauti ya juu, hata mzungu akashtuka. "Akisimama, kivuli chake kinaanguka majini, na kila kitu kinapotea. Atulie. Aumwe na mbu, atulie. Amwone mwenzake anachukuliwa na mkondo, atulie. Kuna watoto wanaongoja chakula."

Nikakaa. Mungu anisamehe, saa ile nilimchukia. Ni rahisi zaidi kusimama na kupiga kelele kuliko kukaa umebana meno huku mumeo anauzwa mbele yako. Lakini nilikaa.

"Majina!" Hezekiah akapiga kelele. "Taja majina!"

"Changu," Njagi akasema. "Tewa. Tafi, huyu ana miiba yenye sumu, ashikwe kwa kitambaa. Kolekole. Mkizi. Hao ndio niliokuwa nao kisiwani, Bwana Hedimani, na hakuna hata mmoja aliyenisaliti."

Mzungu hakucheka. Aliinuka, akakunja kiti chake. Homgadi mmoja alimpiga Njagi kitako cha bunduki ubavuni, akaanguka, wakambeba mpaka kwenye Landirova. Mlango ulipokuwa ukifungwa nilimsikia akiita, hakuita jina langu, aliita, "Na chumvi! Bila chumvi anaoza kabla ya jioni!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopata kwa mume wangu mwaka ule. Wanawake wengine huachiwa maneno matamu. Mimi niliachiwa chumvi.

Siku ya soko nilimtafuta Kuruthumu, mke wa mchinjaji, Mwislamu wa mjini Embu aliyekuja Kianjokoma kuuza vitu vidogovidogo. Nilimwomba sindano ya kushonea magunia, uzi na chumvi. Aliponisikia nasema samaki, alinishika mabega akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Miaka yote nakaa na nyinyi, dada, nawaona mnakonda kando ya mto," akasema. "Chukua. Na umkaangie mtoto kwanza kipande cha mgongoni, hakina miiba mingi."

Tulipopelekwa kuteka maji nilijitenga nyuma ya jiwe. Siku za kwanza sikupata kitu. Mto hauna kujaa na kupwa, nikamlaani Njagi na ghuba yake. Kisha mvua ikanyesha mlimani, maji yakapanda kidogo, yakawa rangi ya chai, na nikakumbuka: yakianza kujaa. Nikatupa nyungunyungu, nikachuchumaa kivuli changu kikiwa nyuma. Akavuta mara ya kwanza, nikamwacha. Akavuta mara ya pili, nikakaza. Nilimwona anaruka juu ya mawe, ana madoa, anang'aa, mbaya wa kutisha, na nikamwangukia kwa mwili wote kama mtu anayekamata mwizi.

Nilimficha ndani ya debe la maji. Langoni homgadi walitupekua mizigo yote, unga, kuni, hata nguo za watoto. Yule aliyechungulia debe langu aliona kitu kinachoteleza, akaruka nyuma akijifuta mkono ambao haukugusa chochote. "Pita, pita na uchawi yako!" Alikuwa kijana wetu, wa kwetu kabisa. Hangetia mkono mle hata kwa amri ya Gavana.

Kawira alikula. Alikula tena kesho yake. Baada ya muda akaanza kulia akitaka zaidi, na mimi nikalia naye kwa furaha. Cicily alisikia harufu, akaja akiziba pua, akasema amekuja kuomba moto. "Moto uko kwako," nikamwambia. "Kaa ule." Alikula amefumba macho. Siku iliyofuata alikuwa na sindano yake. Mwezi haukuisha kabla wanawake wa safu yetu nzima hawajajua kuchimba nyungunyungu. Hakuna aliyehitaji kufundishwa mengi. Wote walikuwa barazani.

Samaki hukaangwa, na harufu haijui handaki. Mchana mmoja Hezekiah alikuja na homgadi wake, akasimama mlangoni pangu na kitambaa puani. Kikaangio kilikuwa motoni. Mzungu alikuwa amelalamika samaki wake wa Jumapili wanapungua.

"Wanjira," akasema, sasa kwa Kiembu, hakukuwa na mzungu wa kumwonyesha. "Hii ni mali ya serikali. Nani alikufundisha kuvua?"

"Wewe, Bwana Hedimani," nikamwambia. "Ulimsimamisha mume wangu mbele ya kijiji kizima ukamwambia aendelee. Na bwana shauri akatuongezea ya nyungunyungu."

Mmoja wa homgadi alicheka, akajifanya anakohoa. Hezekiah alivimba shingo. Akatazama nje, akaona moshi juu ya nyumba ya Cicily, na nyingine, na nyingine. Watoto walikuwa wakicheza uwanjani. Tulikuwa hatujaona watoto wakikimbia kwa muda mrefu.

"Si wewe peke yako," akasema taratibu. "Nitakufunga wewe tu, au niwafunge wote. Ukinitajia wenzako, nakuacha ukae na mtoto wako. Taja majina."

Masharti yaleyale. Mtu hubadilisha soksi mara nyingi kuliko alivyobadilisha Hezekiah maneno yake. Kawira alikuwa ameshika sketi yangu, miguu yake imenyooka, vidole vinanuka mafuta. Nilijua akinipeleka, Cicily atampa mgongo wa samaki, na wengine watampa pia, kwa sababu sasa wanacho cha kumpa. Njagi hakuwa na uhakika huo aliposimama pale uwanjani, na bado alikataa. Mimi ningesema nini?

Nikaipua kikaangio nisije nikaunguza chakula cha mtoto. Kisha nikasimama, maana safari hii hapakuwa na wa kuniambia nikae, nikamtazama usoni.

"Changu," nikasema. "Tewa. Tafi, huyo mshike kwa kitambaa. Kolekole. Mkizi."

Nikanyoosha mikono aifunge.