Kipimo cha Sukari ya Klara

Kipimo kile nilikitengeneza ndani ya kopo la maziwa ya unga lililopakwa rangi nyeusi. Upande mmoja niliweka taa ndogo ya kijani, upande wa pili jicho la kupokea mwanga, na katikati nafasi ya kusimamisha kichupa. Majimaji ya damu yakichanganywa na dawa hugeuka waridi. Sukari ikiwa nyingi, rangi hukolea na mwanga unaopita hupungua. Mshale wa mita yangu ya kutengenezea redio ndio ulioonyesha umepungua kiasi gani.

Mchoro haukuwa wangu. Hozefa, mwenye duka la vipuri pale Nyasubi, aliletewa disketi na binamu yake Gulnaz aliyekuwa akisoma ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na mchoro, maelezo, na programu fupi ya kukokotoa majibu. Aliyeviandaa aliandika juu kabisa kwamba yeyote anakili, arekebishe, agawe, asiombe ruhusa. Nilimwomba Hozefa anitafsirie sentensi hiyo mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini.

"Sasa yeye anapata nini?" niliuliza.

"Muulize mwenyewe, Januari. Mimi nauza fyuzi."

Hata hivyo, taa ya kijani alinipa bure.

Mashine ya kituo chetu cha afya ilikuwa imeharibika na vipuri vyake havikupatikana. Daktari Enock alikubali tujaribu kopo langu, mradi niwepo mwenyewe hadi watu wa maabara walizoee. Ndivyo nilivyokuwepo asubuhi aliyokuja Klara.

Klara alikuwa mjamzito. Mumewe alichimba dhahabu Nyarugusu, na yeye alilala mjini kwa mama yake mdogo ili apimwe mapema. Mkojo wake ulikuwa umeonyesha sukari, ndiyo maana daktari alimwagiza aje bila kula, tuipime ya kwenye damu.

"Mwangaluka, mama," Sista Bernadina, muuguzi wa zamu, alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, sista."

"Umekula?"

"Sijala."

Alitolewa damu, majimaji yake yakatengwa, nikayatia dawa, nikafunika kopo. Mshale ulianguka.

"Iko juu," nilisema. "Juu sana."

Daktari Enock alikuja akasimama nyuma yangu. "Na hajala tangu jana. Kama ni kweli, leo hii namwanzishia insulini. Kama kopo limekosea, sindano hiyo itamwangusha yeye na mtoto."

"Naomba nihakikishe, daktari."

Aliiweka insulini tayari mezani, akavuta kiti akaketi. Namshukuru mpaka leo kwa kile kiti, maana angeweza kabisa kunifukuza na kopo langu.

Nilipima maji ya sukari ambayo nguvu yake tuliijua. Majibu yakawa sawasawa. Nilisafisha kichupa, nikarudia damu ya Klara. Ilikuwa juu vilevile. Ikabaki kupima damu ya mtu mwingine ambaye hajala.

"Nitoe mimi," nilimwambia Sista. "Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni."

Klara, aliyekuwa kwenye benchi akibana pamba mkononi, aliangua kicheko. "Pole, fundi! Hata uji mkeo hajakupa? Umemkosea nini?"

"Nimemwacha amelala."

"Mwanamume mzima unatoka tumbo tupu! Mama yangu mdogo hakufungulii mlango bila kikombe."

Sista Bernadina alisimama na sindano mkononi. "Kikombe cha nini?"

"Cha uji."

"Leo?"

"Leo. Viwili. Huyu wa ndani naye anadai chake."

"Si ulisema hujala, wewe?"

"Sijala!" Klara alikuwa ameanza kukasirika. "Uji unaliwa? Uji nimekunywa. Mlisema nisile, sikula. Hata viazi nimeviacha mezani vinanitazama."

"Na sukari?"

"Kwa mama mdogo? Kijiko kinasimama chenyewe."

Aliyecheka kwanza ni daktari. "Mimi ndiye niliyemwagiza," alisema, "na kwetu pia uji hunywewa." Akairudisha insulini kwenye friji.

Kesho yake Klara alikuja hajala wala hajanywa, amenuna, na mama yake mdogo nyuma yake akilalamika kwamba mjamzito hashindishwi njaa. Wote watatu tuliinama juu ya mita: mimi, daktari na Sista. Mshale ulitulia karibu na mpaka, lakini upande mzuri. Daktari aliusoma, akaniomba niusome na mimi, kisha akamgeukia Klara.

"Hakuna sindano. Punguza sukari, urudi tukuangalie tena."

Klara alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, fundi."

"Mchoro ni wa mtu wa mbali. Mimi nimefuata tu."

"Anaitwa nani?"

Nilimtajia jina. Alijaribu kulitamka, likamshinda, kama linavyonishinda mimi.

"Basi jina hilo mtoto hapati," alisema. "Ila mwambie asante."

Mchana nilikwenda kwa Hozefa, nikamwomba amwandikie Gulnaz ili naye amfikishie mwenye mchoro mambo mawili. Moja lilikuwa sentensi ya kuongeza kwenye maelezo: mgonjwa asile, na asinywe uji, chai wala maziwa, maji tu. La pili lilikuwa asante ya Klara. Hozefa alitaka kuanza na ile sentensi, kwa kuwa ndiyo yenye kazi. Nikamwomba aitangulize asante.