Komamanga la Kufyonza

Bi Ozra, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuja asubuhi na ndoo ya makomamanga aliyoyachuma alfajiri ile. Alikuwa amechagua makubwa tu, na chini ya ndoo ametandika majani ili yasichubuke.

"Mpe Haji," akaniambia. "Hapa mjini Save mtu hashindi njaa msimu wa makomamanga."

"Ingia umwambie wewe. Mimi kanichoka."

Alicheka, lakini aliona macho yangu, akaondoka na kapu langu la nguo chafu bila kuniuliza. Jioni zilirudi zimekunjwa.

Haji Nosrat, mume wangu, alipatwa na kiharusi mwisho wa kiangazi. Upande wake wa kulia ukalala, na maneno yakamwishia. Daktari alimpima koo akasema ni zima, anameza vizuri. Tatizo ni kwamba hataki kulishwa. Kijiko kikikaribia anakaza midomo na kugeukia ukutani. Mtu aliyelisha shamba zima la vibarua, leo afutwe kidevu na mkewe! Namwelewa. Ila daktari alisema wazi kwamba hadi Alhamisi asipokula, arudi hospitali awekewe mpira puani. Siku hiyo ya ndoo ilikuwa Jumanne.

Nilianza na bakuli. Nikapasua komamanga, nikatoa punje, nikanyunyiza chumvi na unga kidogo wa golpari, kile kiungo ambacho harufu yake anaipenda. Nikaliweka karibu na mkono wake mzima. Alijaribu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Punje zikamwagika kifuani, nyingine zikaingia ndani ya shati. Akalisukuma bakuli.

Wazee wetu husema kila komamanga lina punje moja ya peponi, na hujui ni ipi, kwa hiyo hutupi hata moja. Basi nikapiga magoti juu ya zulia, na magoti yangu haya, nikaokota moja moja.

Nikakamua maji yake kwenye glasi. Glasi ikamponyoka. Nikaleta kijiko, akageukia ukutani.

Binti yetu Mahlagha akapiga simu kutoka Tehrani.

"Mama, amekula?"

"Amekula shati lake."

"Mama!"

"Nifanye nini, mwanangu? Nimkabe?"

"Kwa nini usimpe la kufyonza? Lile alilokuwa anatulainishia tukiwa wadogo. Atashika mwenyewe, hakuna kijiko."

Maneno ya mtoto yalikuwa na akili kuliko siku zangu zote kumi za vijiko. Komamanga la kufyonza unalibonyeza kwa vidole bila kulipasua, mpaka punje zote za ndani zivunjike na ganda libaki zima. Kisha unatoboa kijitundu kwa meno na kufyonza.

Kazi hiyo nyumbani kwetu ilikuwa yake. Mimi nilipewa tu likiwa tayari. Lakini nimeliona likifanywa maisha yangu yote, ningeshindwaje?

Nilichukua zuri kuliko yote kwenye ndoo ya Bi Ozra. Nikabonyeza taratibu kwa vidole gumba. Likapasuka, likanirukia usoni na ukutani.

"Eh!" akasema Haji. Sauti hiyo ndiyo aliyobaki nayo. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni.

"Dirisha? Unaona joto?" Nikafungua dirisha.

"Eh! Eh!" Bado anaonyesha.

La pili likapasuka. Nikamletea redio. Akapiga blanketi kwa ngumi.

"Msahafu? Dawa? Unataka choo?"

"Eh!"

La tatu lilipasukia mapajani, juu ya gauni langu la pekee lililokuwa safi. Naye bado kidole kimenyooka, macho yamemtoka, kama mimi ndiye mwenye kiharusi. Hapo uvumilivu ukaniisha.

"Nosrat!" Sijamwita jina tupu tangu harusi. "Mimi si mganga nijue kilichomo kichwani mwako! Hutaki kijiko, hutaki bakuli, hutaki dirisha. Basi nenda ukanywee puani!"

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Machozi yalimtoka upande mmoja tu, upande mzima. Sikuwa na nguvu ya kwenda jikoni. Nikakaa chini palepale kando ya godoro lake, kichwa changu kikawa usawa wa mto wake.

Mkono wake ukanyooka tena, polepole, juu ya bega langu. Safari hii niliufuata kutoka pale alipolala. Haukuelekea dirishani wala kwenye redio. Ulipita mlangoni, ukapita samova ya chai, hadi kwenye shubaka la ukumbini. Humo mlikuwa na sinia ya makomamanga ya wiki mbili, ganda limelegea na kusinyaa, niliyoyatenga nichemshe rojo la kupikia.

"Yale mabovu?"

"Eh," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Ganda bichi limekaza, linapasuka. Lililolegea linakubali kidole. Miaka arobaini na sita ananipa komamanga mkononi, na sijawahi kumuuliza analichagua wapi.

Nililishika mimi kwa mikono miwili, yeye akabonyeza kwa kidole gumba chake kizima. Nikizungusha haraka, ananigonga kidole. Akanisogezea sikioni nisikie punje zikivunjika ndani. Ilituchukua muda mrefu, na mgongo ulikuwa unaniua. Nikatoboa kwa meno niliyobakiwa nayo, nikatema ganda, nikampa.

Alilishika mwenyewe. Alifyonza mpaka ganda likaingia ndani. Tone moja lilimtiririka kidevuni, nikatazama pembeni mpaka akajifuta kwa mkono wake.

Kisha akanyoosha kidole tena.

"Nini tena, Haji?"

"Eh."

Niliangalia shubakani, nikaangalia samova, sikuona kitu. Nikashusha pumzi, nikakaa tena chini karibu na mto wake nione anachokiona.