Sentimita Kumi za Kipanga

Kipanga, ndege ya baba, alikuwa ananing'inia kwenye boriti ya karakana, mkia wake umegusa sakafu. Mkaguzi wa mashindano aliutazama mkia, akalitazama daftari la baba, kisha akanitazama mimi. Nami sikuwa na wa kumtazama ila shangazi, aliyekaa kwenye kigoda akishona kifuniko cha kiti cha rubani kana kwamba hayamhusu.

"Daftari linasema ukimfunga kamba sentimita arobaini na mbili kutoka ukingo wa mbele wa bawa, anakaa sawa," mkaguzi alisema. "Hakai sawa. Ama ndege imebadilishwa, ama daftari linadanganya. Vyovyote vile, sisaini."

Ilikuwa Alhamisi. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na mimi ndiye niliyekuwa nimrushe. Kipanga ni ndege isiyo na injini; huvutwa juu kwa kamba, akiachiwa anaelea kwa hewa ya joto inayopanda. Baba, fundi seremala, alimuunda kwa miaka kumi na moja: kiwiliwili hapa karakanani, mabawa sebuleni kwetu, mpaka tukazoea kula tumesimama. Alishindana naye misimu minne, akafariki mwaka jana. Mkaguzi wa zamani alikuwa rafiki yake na alisaini huku anakunywa chai. Huyu mpya hata chai alikataa.

Tulisogeza kamba nyuma kidogo kidogo. Kwenye hamsini na mbili Kipanga alitulia, akakaa sawa kabisa.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nikachukua futi ya chuma nikapima kila kilichoandikwa. Urefu wa kiwiliwili, sawa. Gurudumu, sawa. Ubavu wa kwanza wa bawa: daftari linasema themanini, mbao inasema tisini. Usukani wa mkiani: daftari tisini na nane, wenyewe mia na nane. Kumi, kumi, kumi. Baba alikuwa mtu wa kurudia kupima mlango wa kabati mara nne. Iweje akosee bawa zima, tena kwa kiasi kilekile?

Nilimkasirikia marehemu, nasema kweli. Nilimwona amekaa na penseli yake sikioni, ananichezea shere akiwa huko aliko.

"Labda alitengeneza mabawa mengine akayabadilisha kwa siri," nilisema.

"Sebuleni kwangu?" shangazi alisema. "Kwa siri?"

"Basi nieleze wewe, Shangazi, maana mimi nimechanganyikiwa."

Alitoa futi yake ya kitambaa ili apime kifuniko, na hapo ndipo nilipoiona vizuri. Ilianzia kwenye kumi. Mwanzo wake ulikuwa umekatwa, na ukingo una doa la kahawia.

"Hiyo imekuwaje?"

"Babako aliichoma kwa pasi, akinyoosha shati lake. Nikaukata ule upande ulioungua. Nikipima naanzia kwenye kumi, kisha natoa kumi kichwani. Nimezoea."

"Mbavu za bawa mlizipima kwa hiyo?"

"Bawa limejipinda. Futi ya chuma haikubali kulala kwenye kitu kilichojipinda. Mimi nilipima, nikamtajia, yeye akaandika."

"Ukamtajia namba ipi? Ya kwenye futi, au uliyokwisha kutoa kumi?"

"Niliyokwisha kutoa. Kaka yangu na hesabu za kichwani, unamjua."

"Na yeye alijua futi imekatwa?"

"Si ndiye aliyeichoma?" Sindano ilisimama. "Ila hatukuwahi kuizungumzia. Nilinyamaza asione haya."

Naye baba akanyamaza asimkumbushe. Kila alipotajiwa namba, alitoa kumi kimyakimya, akidhani anamsaidia dada yake. Miaka kumi na moja wawili hawa wametoa kumi mara mbili, kwa adabu.

Mkaguzi hakucheka. "Nakuelewa, mama. Lakini namba za daftari hurekebishwa na aliyeunda tu, na aliyeunda amefariki."

Nikahisi Jumamosi inaniponyoka. Nilifungua daftari upya, nikatazama kurasa zenye kosa. Mbavu zote. Ukingo wa bawa. Usukani wa mkiani. Mahali pa kamba. Kila palipo na kosa, shangazi alikuwepo. Na kila ukurasa baba ameandika: nimebuni, nimekata, nimepima.

"Shangazi, umbo la bawa lilitoka wapi?"

Aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na bahasha ambayo siku zote nilidhani ina vielelezo vya magauni. Ndani mlikuwa na karatasi ishirini na sita za kukatia mbavu, zimechorwa kwa chaki ya cherehani, na kwenye kingo zina vile vikato vidogo ambavyo washonaji huweka ili vipande vikutane. Mkaguzi alilaza karatasi ya kwanza kwenye ubavu wa bawa. Ikakaa. Ya pili, ikakaa. Alipofika ya tisa aliacha, akatoa kalamu.

"Basi aliyeunda yuko hai," alisema. "Rekebisha, mama. Namba, kisha jina."

Alirekebisha namba moja moja. Alipofika kwenye mstari wa jina, akasita.

"Nilidhani ameona aibu kuniandika," aliniambia. "Kumbe kila ukurasa nimo. Ila amenipunguza kumi."

Akaandika jina lake chini ya la kaka yake. Mkaguzi akasaini. Mimi sikujua nimlilie baba au nimgombeze, nikaenda kumshusha Kipanga.